Wateja Wananiita Mama Nani

Johannesburg, Jumamosi, 17 Machi 2012

Ameongea, Dada! Amesimama mbele ya wazazi mia tatu na walimu wote, peke yake, bila karatasi mkononi, akaongea Kiingereza, akageuka akaongea Kizulu. Mwanangu! Huyu huyu niliyemzaa mimi, mimi wa darasa la tano!

Haya. Sasa nakusalimu, maana najua utasema mdogo wako amesahau adabu uliyomfundisha. Shikamoo Dada Célestine. Sisi huku Bertrams ni wazima. Évariste bado yuko na ile kazi ya ulinzi Kensington, miguu inamsumbua lakini hasemi, unamjua shemeji yako, neno akilitoa ni kama ameng'oa jino. Cherehani zangu sasa ni tatu. Watu wanapita mafundi wengine wote wa Yeoville wanakuja kwangu, wanasema hakuna kola ya shati kama ya Mama Murielle. Sisemi mimi, wanasema wao. Barua nampa Firmin wa lori, yule anayeleta vitenge na ndagaa kutoka kwetu Uvira. Simu sikutaka. Nikikupigia, nyumba nzima huko inatega sikio, na hili si la nyumba nzima.

Kaa chini, Dada.

Mwaka jana mwezi wa sita mtoto alinijia dukani, akafunga mlango, akaniambia, "Mama, mimi si msichana. Nimejaribu sana kuwa, kwa ajili yenu. Sijaweza." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia, "Unataka suruali? Nakushonea sasa hivi." Akasema, "Suruali naitaka, ndiyo. Lakini si hiyo tu." Akanitazama kwa macho yale ya baba yetu.

Sitakuandikia yote yaliyofuata. Mchungaji alikuja mara nne. Daktari wa hospitali ya serikali tumemwona mara mbili, mama mmoja mpole, anasema habari ya dawa za kubadili mwili si ya leo, ya leo ni kuongea na kungoja. Basi tunaongea, tunangoja. Moto uliwaka shuleni. Mtoto aliomba avae suruali ya wavulana na aandikwe pamoja na wavulana, mwalimu mkuu akaogopa kuamua peke yake, akaita wazazi. Mzee mmoja akasema eish, hawa watoto wameharibiwa na televisheni. Mama mmoja muuguzi akasema, kwa heshima kabisa, kwamba yeye amewaona vijana waliobadili mawazo baadaye, na siku hiyo nani atajibu? Mwingine akamrukia, akasema na yeye amewaona waliokonda na kuugua kwa kulazimishwa kunyamaza. Saa mbili nzima, Dada, walibishana juu ya mwanangu kama watu waliozunguka gari lililokufa kwenye robot, zile taa za barabarani, kila mtu ni makanika, na mwenyewe amekaa palepale. Ndipo akasimama.

Akasema, "Mnabishana kama vile nimewaletea jibu. Sina jibu. Nimekuja kuomba suruali na muda. Mama muuguzi anaogopa, na mimi naogopa. Lakini aniogopee nikiwa nimesimama hapa mbele yenu, si nikiwa chooni. Maana chooni ndiko ninakokula chakula changu cha mchana tangu darasa la nane."

Chooni, Dada. Chakula nilichopika mimi.

Nilimwangalia nikajiuliza, huyu kweli alilala tumboni mwangu? Nilihisi kama ningekutana naye njiani ningempisha apite.

Wakapiga kura. Suruali amepata. Orodha bado wanaijadili, na kwenye redio ya huku watu wasiomjua walipiga simu siku mbili, huyu anamtetea, huyu anamlaani.

Sasa ombi langu. Jina la Murielle hawezi tena kulibeba. Nikamwambia achague analotaka. Akakataa! Akasema, "Mama mkubwa ndiye aliyenipa la kwanza. Kwenu jina linatolewa na mkubwa wa familia. Nitangoja anipe la pili." Walimu sasa wanamwita kwa jina la ukoo, na sisi nyumbani tunamwita "wewe" na "mwanangu". Tutumie jina, Dada. Anangoja, na mtoto huyu akisema anangoja, anangoja.

Mdogo wako asiyejua kunyamaza,
Vestine


Uvira, 3 Juni 2012

Mdogo wangu Mama Murielle,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya ndagaa, lakini imefika.

Hapa tunamshukuru Mungu. Mto ulifurika mwezi wa nne ukabomoa ukuta wa shule, tukafundishia kanisani wiki tano. Nimestaafu, lakini bado wananiita kusahihisha mitihani, kwa sababu vijana wanaofundisha siku hizi wanatoa alama kama wanaotoa peremende. Théodore wa shangazi ameoa, msichana wa mji wa Baraka, mrefu kuliko yeye. Goti langu ni lilelile.

Kuhusu habari ya mkutano wa shule, kioo kimoja cha miwani yangu kimepasuka na kurasa za mwisho sikuweza kuzisoma.

Namtumia Murielle kitenge, yadi sita, bluu yenye maua ya njano. Mshonee gauni la mikono mifupi. Atakuwa amerefuka.

Firmin ana haraka, ninaishia hapa.

Dada yako,
Célestine


Johannesburg, 26 Agosti 2012

Nimekutumia miwani, Dada! Tena si moja, ni tatu, kila moja na nguvu yake, moja itakubaliana na macho yako na nyingine utawagawia walimu wenzako, waambie zimetoka kwa mdogo wako wa Johannesburg. Sasa huna sababu. Zile kurasa za mwisho nimeziandika upya na kuziweka ndani ya bahasha hii, herufi nimezikuza kama za ubaoni.

Shikamoo. Goti lako lipake mafuta niliyoweka kwenye kichupa cha kahawia. Mpe hongera Théodore, mwambie asimame juu ya kiti wakati wa picha.

Dukani kwangu kumetokea jambo. Unakumbuka nilikutumia picha ya ubao wangu, MAMA MURIELLE COUTURE, herufi nyekundu? Jumapili moja natoka kanisani namkuta shemeji yako yuko juu ya ngazi na brashi, ameshapaka rangi nyeupe juu ya MURIELLE. Nikapiga yowe mtaa mzima wakasikia: "Wewe Évariste, unaniulia biashara!" Hakugeuka. Akasema, "Mtoto anapita hapa kila siku akitoka shule." Akateremka, akakunja ngazi, akaondoka.

Kwa hiyo ubao sasa unasomeka MAMA, halafu nafasi nyeupe, halafu COUTURE. Wateja wananiita Mama Nani. "Mama Nani, koti langu?" "Mama Nani, mbona umenibana kiunoni?" Wanacheka, na mimi nacheka nao. Lakini Dada, miaka kumi na tano nimeitwa Mama Murielle, sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi. Hilo ndilo jina langu mimi! Jina la Vestine nani analijua huku? Mtu akiita Mama Murielle barabarani shingo yangu inageuka kabla sijaikataza.

Kanisani wamegawanyika. Mama Bijou, tuliyeimba naye kwaya miaka sita, amehamia benchi la nyuma. Mchungaji alihubiri juu ya wazazi wanaoongozwa na watoto wao, hakunitaja, lakini vichwa vyote viligeuka vikanitazama kama nimepiga chafya. Mtoto alikuwa pembeni yangu na suruali yake niliyoipiga pasi mwenyewe, mshono umenyooka kama rula. Hakuinamisha kichwa. Ibada ilipokwisha akaenda kumsalimia mchungaji kwa mikono miwili, kama ulivyotufundisha sisi. Hakuna aliyemfundisha kufanya vile, Dada, sikumfundisha mimi.

Kitenge kimefika. Alikifungua mezani, akakipapasa, akaniambia, "Mama, usikikate." Nilidhani amechukia. Akasema, "Si changu. Hiki ni cha Murielle." Kisha akaniuliza jambo, na nikamjibu, na jibu lenyewe siliandiki humu kwa sababu wewe unalijua kuliko mimi. Amekikunja vizuri, kiko kabatini.

Jina, Dada. Anangoja.

Vestine


Uvira, 18 Novemba 2012

Vestine,

Miwani inaona. Nimesoma kurasa zote, za mwanzo na za mwisho.

Nimefundisha miaka thelathini na mbili. Nimeona watoto wa miaka kumi na tano wakiapa kuwa watakuwa mapadri, leo wana wake wawili. Nimeona msichana aliyenyoa nywele na kucheza mpira na wavulana, akikataa kuitwa dada, leo ana watoto watano na hataki kukumbushwa. Mtoto ni mtoto. Wewe unamtazama kama malaika aliyeshuka Bertrams, na mtu anayetazama hivyo haoni shimo lililo mbele ya miguu yake. Huyo muuguzi uliyemwandika ndiye mtu pekee katika barua yako mwenye akili. Akija kujuta akiwa na miaka ishirini na tano, hao wa redio watakuwa wapi?

Na jina. Unaniandikia "tutumie jina" kana kwamba nina duka la majina. Jina lile nilikupa kwa mikono yangu, kambini Nyarugusu, siku ambayo mikono yangu haikuwa na

Siwezi kukupa jingine. Lifuteni mnavyotaka, nyinyi wenye rangi nyeupe na ngazi. Mimi msiniombe brashi.

Usiniandikie tena kuhusu jambo hili.

Célestine


Johannesburg, 9 Juni 2013

Shikamoo, Mama Murielle.

Usishtuke. Ni wewe ninayekuita.

Hii ni barua ya tatu tangu uniandikie lile neno lako la Novemba. Zile mbili Firmin anaapa kuwa alikukabidhi mkononi, na kwamba ulimpa chai na hukumpa jibu. Nikakaa kimya. Mimi, Dada, kukaa kimya, hata Évariste aliniuliza kama naumwa.

Nimesoma ile sentensi uliyoiacha katikati mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Mikono yako haikuwa na mtoto. Ndivyo ulivyotaka kuandika. Mimi nilijua na nikajifanya sijui, nikakuomba jina kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nisamehe. Binti yako Murielle alikuwa na miaka sita, alikuwa na lile pengo la meno ya mbele, vita ilipotukimbiza Uvira alivuka ziwa nasi hadi kambini, na homa ikamchukua kwa siku nne. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Wangu alipozaliwa mwezi wa kumi na mbili ulimbeba wewe kabla yangu, ukasema, "Huyu ni Murielle." Tangu siku hiyo watu wakaanza kuniita mimi Mama Murielle, na wewe wakakuita Mwalimu. Jina lako nililivaa mimi. Hakuna aliyekuuliza kama linakubana au limekuacha uchi.

Hilo ndilo mtoto aliloniuliza siku ya kitenge. "Murielle wa kwanza alikuwa nani?" Nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo nimemshikia nafasi yake miaka yote hii. Mama mkubwa alipokuwa akinitumia nguo, alikuwa akimtumia yeye." Nikamwambia hapana, ni zako. Akasema, "Sijakasirika, Mama. Namwonea huruma. Nataka kumrudishia binti yake."

Dada, mtoto wa miaka kumi na tano. Nilitoka nikaenda kusimama uani nimeshika kamba ya nguo. Wewe unasema namtazama kama malaika. Simtazami hivyo. Anaacha soksi jikoni, anajibu vibaya asubuhi, Kiswahili chake kimejaa mashimo. Lakini kuna siku anafungua mdomo na mimi niliyemfundisha kusema "maji" nabaki nimesimama kama mgeni.

Na naogopa, nikuambie kweli, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Yule muuguzi nilimtafuta baada ya mkutano. Tulikunywa chai. Tunabishana kila mwezi sasa, yeye anasema pole pole, mimi nasema tazama anavyolala vizuri siku hizi, na hakuna anayemshinda mwenzake, na kila nikitoka kwake kichwa changu kiko sawa zaidi. Dawa bado. Daktari anasema akifika kumi na nane watakaa wazungumze upya. Sijui mbele kuna nini. Namjua tu aliye mbele yangu.

Ndani ya mfuko huu kuna kitenge chako, yadi sita, sikutoa hata uzi. Amekipiga pasi yeye. Hatuombi tena jina. Tunarudisha lile.

Mdogo wako,
Vestine, wanayemwita Mama Nani


Uvira, 13 Oktoba 2013

Mama Hénock,

Nimeandika maneno hayo mawili nikaiacha karatasi mezani siku tatu. Leo naendelea.

Marahaba. Sisi ni wazima. Mahindi ya mwaka huu ni mabaya. Goti limepata nafuu, mafuta yako yananuka lakini yanafanya kazi.

Nilishona gauni la kitenge kile. Nililishona mwenyewe, na kola imekaa vibaya, utaicheka. Nikalivaa kwenda kanisani. Wanawake wakaniuliza, "Mwalimu, umependeza, zawadi ya nani hiyo?" Nikajibu, "Ni ya binti yangu Murielle." Sijui ilitoka wapi. Miaka kumi na saba sikuwa nimelitamka jina hilo nikimaanisha yeye. Walipolitamka mbele yangu walikuwa wakimaanisha wako, na mimi nilikaa humo nikijidanganya kuwa anakua, kwamba sasa yuko darasa la tano, sasa la tisa, huko Johannesburg. Nilimtwisha mtoto mchanga kazi ya marehemu. Wala hakulalamika, ameifanya hadi alipochoka, kisha akanirudishia ikiwa imepigwa pasi.

Jumatatu yule mwanamke anayeuza mawese karibu na shule aliniita, "Mama Murielle!" Niligeuka, nikaitika.

Usidhani nimekubali kila kitu. Kuhusu dawa nina maswali kumi na moja, nimeyaandika, na nitamuuliza daktari huyo uso kwa uso. Nataka pia kuonana na muuguzi. Tutagombana, mimi na wewe, na mtoto atakuwa amekaa palepale, kwa hiyo tugombane kwa adabu.

Baba yetu alikuwa mtu mfupi. Wanajeshi walipoingia uani kwetu, sisi sote tulikuwa chini ya vitanda. Yeye alitoka na fulana yake iliyotoboka, akasimama mlangoni, akawauliza, "Vijana, mnatafuta nani?" Wewe ulikuwa umeniuma mkono kwa hofu, bado nina alama. Walimtazama, wakaondoka. Nimesoma tena ukurasa wako wa mtoto aliyesimama mbele ya watu mia tatu bila karatasi. Jina la baba nililiweka miaka yote, wajukuu wa kiume wanne wamezaliwa na sikumpa hata mmoja. Sikujua namwekea nani.

Mwambie anaitwa Hénock. Mwambie asilivae kama mzigo. Na mniambie siku, kwa sababu jina halitumwi kwa lori. Nitakuja kulitamka mwenyewe.

Célestine, Mama Murielle


Johannesburg, 1 Desemba 2013

Hénock! Hénock! Hénock! Nimeliita leo mara mia na bado mdomo unataka!

Firmin alileta barua wiki mbili zilizopita. Mtoto aliisoma mwenyewe, pole pole, kwa kidole, maana Kiswahili chako ni cha shule. Alipomaliza akatoka uani, akasimama karibu na bomba, akaniambia, "Mama, niite." Nikamwita. Akaitika, "Naam." Kisha akasema, "Tena." Nikamwita. "Naam." "Tena, Mama." Majirani walidhani amepotea mtu! Dada, sikuwahi kusikia sauti ile. Miaka kumi na saba namwita mtoto huyu aje kula, aje kuoga, aje tuondoke, na nakuapia hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyemwita ndiye aliyeitika.

Shikamoo, nimesahau tena.

Évariste ameshachukua ngazi. Herufi nyekundu, MAMA HÉNOCK COUTURE, na ile alama ndogo juu ya E ameipaka mara tatu mpaka ikakaa sawa. Wateja wengine wamezoea Mama Nani na hawataki kuacha. Waache, nimewaambia wa zamani wana ruhusa.

Mitihani ya mwisho amemaliza Alhamisi. Matokeo yanatoka mwezi wa kwanza, lakini mimi nimeshawaambia watu amefaulu, kwa nini tungoje karatasi ituambie tunachokijua? Yeye ananikemea. Nimeshakata kitambaa cha sare ya familia, bluu yenye maua ya njano, nimekitafuta Johannesburg yote mpaka nikakipata. Hénock shati, baba yake shati, mimi na wewe magauni. Lile la kola mbovu lete, nitalitengeneza ukiwa umekaa hapa unasoma maswali yako kumi na moja. Daktari amekubali kukuona. Muuguzi anakuja na sufuria yake. Mama Bijou ameuliza kwa mbali kama ni kweli dada yangu anakuja kutoka Uvira, nikamwambia aje ajionee, na benchi la mbele lina nafasi yake. Mchungaji amesema atapita "kutazama tu". Atazame.

Firmin anatoka Uvira tarehe kumi Januari, usimcheleweshe, na usipande nyuma ya lori na goti hilo, nimempa amri ukae mbele. Walimu wameshaambiwa, kwaya nusu yake imeshaambiwa, viti nimeazima. Hakuna atakayelitamka jina mbele ya watu siku hiyo hadi uwe umesimama wewe na kulitamka kwanza. Saa nne asubuhi, uani kwetu Bertrams, wote watakuwa wamekaa wanakungoja: Jumamosi, tarehe ishirini na tano Januari.